Endometriosi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanawake wa Kisumu na Magharibi

Ninashona nguo Kibuye, Kisumu, na nimeishi na endometriosi tangu nikiwa msichana wa kidato cha pili. Maswali haya wanawake huniuliza wakija kupimwa nguo, wakinipigia simu usiku, au tukikutana Jumamosi moja kila mwezi sisi wachache wenye ugonjwa huu. Mimi si daktari. Niliyoandika hapa nimeyapata kwa madaktari walionitibu na kwa kusoma miaka mingi. Panapohusu mwili wangu mwenyewe, nimesema ni wangu.

Endometriosi ni nini hasa?

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando laini ambao kila mwezi hujijenga ukingoja mimba. Mimba isipoingia, utando hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Kwa mwenye endometriosi, tishu zinazofanana na utando huo huota nje ya mfuko: juu ya ovari, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wenyewe, kwenye utumbo mpana, juu ya kibofu. Huko nako zinaitikia homoni. Zinavimba na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mwili hupambana nayo kama unavyopambana na kidonda, na miaka ikipita panabaki makovu yanayogandisha viungo pamoja. Nilipoonyeshwa picha za tumbo langu, ovari ya kushoto ilikuwa imeshikamana na utumbo kama kola inavyoshikamana na kitambaa kigumu cha ndani pasi ikishapita.

Wengi wetu tunauita "endo" tu.

Huu si ugonjwa wa Wazungu? Mbona mama zetu hawakuwa nao?

Walikuwa nao, ila hawakuwa na jina lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao, yaani karibu milioni 190 duniani. Umeelezwa katika vitabu vya tiba tangu karne ya 19, na daktari Karl von Rokitansky wa Vienna aliuandikia mwaka 1860.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kuwa wanawake weusi hawaupati. Mwaka 1976 daktari wa Chicago, Donald Chatman, aliandika kuhusu wagonjwa wake weusi: alipowachungulia tumboni kwa kamera, si wachache walikuwa na endo, na baadhi yao walikuwa wameshaambiwa kuwa tatizo lao ni maambukizi ya via vya uzazi. Hapa Kenya wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai. Endo yake ilifika kifuani na kufanya mapafu yake yasinyae mara kwa mara, hadi akasafiri kwenda Atlanta, Marekani, kupasuliwa. Alifariki Juni 2024. Alizungumza hadharani wakati wengi wetu tulikuwa bado tunajificha chini ya blanketi, nami namshukuru mpaka leo.

Kila mwanamke huumwa siku zake. Nitajuaje kuwa maumivu yangu si ya kawaida?

Kukakamaa kidogo chini ya kitovu siku ya kwanza au ya pili, ukameza dawa, ukaendelea kuchota maji na kufungua duka, hilo ni jambo la wengi. Ila maumivu yakikuangusha, yakakutapisha, yakakufanya ukose shule au kazi mwezi baada ya mwezi, hayo usiyaite ya kawaida hata akikwambia nani.

Yangu yalianza kidato cha pili, shule ya bweni. Nilikuwa nakunja magoti hadi kifuani, nauma kona ya blanketi ili wenzangu wasiamke. Matroni alinipa panado mbili na kuniambia, "Vumilia mama, ukizaa itaisha." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesema alichoambiwa na yeye alipokuwa msichana.

Zipo dalili nyingine ambazo watu hawazihusishi na hedhi. Kuumwa unapoenda choo kubwa siku za hedhi. Kuumwa ukikojoa, na mkojo ukipimwa hauna kitu. Maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa au baada yake. Tumbo kuvimba hadi sketi inakataa kufunga zipu (wateja wangu wawili niliwatambua hivyo, kiuno kinaongezeka inchi tatu kwa wiki moja kisha kinarudi). Uchovu usioisha kwa kulala. Maumivu yanayoshuka mguuni. Mimi nikipanda boda kutoka Kondele siku hizo, kila tuta nalihisi kiunoni kana kwamba kuna kitu ndani kimefungwa kamba na mtu anaivuta.

Tena kuna wasiohisi chochote, wanaogundua wanapohangaika kutafuta mtoto. Na ukubwa wa maumivu hauonyeshi ukubwa wa ugonjwa. Madaktari huupanga kwa hatua nne. Mwenye hatua ya kwanza anaweza kuzimia kwa maumivu na mwenye ya nne asijue kama anaumwa.

Husababishwa na nini? Nimeambiwa ni chira, laana ya kuvunja mwiko.

Si chira, dada yangu, wala si kurogwa. Si adhabu ya kutoa mimba, si kuanza mapenzi mapema, si uchafu. Niandike hili waziwazi kwa sababu nimeona mwanamke akizungushwa kwa waganga watatu huku ovari yake ikizidi kuvimba.

Chanzo kamili hakijathibitishwa. Maelezo maarufu zaidi ni ya daktari John Sampson wa Marekani, ya mwaka 1927: sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni, ikiwa na chembe za ule utando. Lakini damu kurudi nyuma huwapata wanawake wengi mno, na wengi wao hawaugui. Kwa hiyo pana mengine: jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi, homoni, na urithi. Ukiwa na mama au dada mwenye endo, nafasi yako ya kuipata ni kubwa zaidi. Muulize mama yako, na ukiweza shangazi pia, siku zao zilikuwaje. Mimi nilimuuliza mama nikiwa na miaka 26. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa nyanya yangu alikuwa akijifungia siku mbili kila mwezi na watoto waliambiwa ana malaria.

Mbona nimetibiwa taifodi, vidonda vya tumbo na PID, na bado naumwa?

Kwa sababu maumivu ya tumbo yana wenyewe wengi, na hapa kwetu taifodi, amiba na vidonda vya tumbo ndivyo vinavyofikiriwa kwanza. PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, nayo hufanana sana na endo kwa mgonjwa na kwa daktari mwenye foleni ndefu. Unapewa antibiotiki, hedhi inaisha, maumivu yanatulia, na wote mnadhani dawa imefanya kazi. Mwezi ujao mko pale pale.

Shirika la Afya Duniani linasema kutoka dalili kuanza hadi ugonjwa kutambuliwa huchukua kwa wastani kati ya miaka 4 na 12. Kwangu ilikuwa 11. Katika miaka hiyo nilimeza dawa za taifodi mara nisizoweza kuhesabu. Aliyeniokoa ni afisa wa kliniki, kijana, katika kituo kidogo cha afya. Aliniuliza jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Maumivu haya huanza siku gani ukihesabu kutoka hedhi?" Sikuwa na jibu. Lakini nilikuwa na daftari langu la vipimo vya wateja, ambamo huwa naweka alama ya kalamu nyekundu siku ambazo sikufungua duka. Tukahesabu pamoja kurasa za miezi mitano. Alama zilikuwa zimesongamana, siku nne nne, kila baada ya wiki nne. Akaweka kidole juu ya karatasi akasema, "Hii si taifodi."

Nilifanyiwa altrasaundi, wakasema niko sawa. Basi sina?

Huenda unayo. Altrasaundi, hasa ile ya kupitia ukeni ikifanywa na mtu aliyezoea kuitafuta endo, huona vizuri uvimbe wa damu nzito kwenye ovari, ule madaktari wanaouita uvimbe wa chokoleti kwa rangi yake. Huweza pia kuona endo iliyozama ndani ya kuta za utumbo. Vipande vidogo vilivyotawanyika juu ya ngozi ya ndani ya tumbo haivioni. MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, husaidia, lakini nayo huwa na mipaka yake.

Zamani ilisemwa kuwa bila laparoskopi, yaani upasuaji mdogo wa kuchungulia tumbo kwa kamera, huwezi kuambiwa una endo. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 ulilegeza hilo: daktari anaweza kuanza matibabu kwa kusikiliza maelezo yako na kukupima, na laparoskopi ikabaki kwa wale ambao picha hazionyeshi kitu au dawa haziwasaidii. Kwetu sisi wa mbali na Nairobi hili ni jambo kubwa. Maana yake si lazima usubiri miaka kukusanya pesa za upasuaji ndipo uanze kutibiwa. Na ukishawishiwa kulipia kipimo cha damu cha CA-125 ili kujua kama una endo, uliza kwanza, maana mwongozo huohuo haukipendekezi kwa kazi hiyo.

Kuna dawa ya kuponya kabisa?

Bado haipo. Anayekuuzia chupa ya kuponya endo anakudanganya. Ila kutuliza kupo, na watu wanaishi vizuri.

Ngazi ya kwanza ni dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki. Siri yake ni wakati. Usingoje mpaka uanze kulia. Anza hedhi inapokaribia au dalili ya kwanza inapotokea, umeze baada ya kula, na ufuate vipimo ulivyopewa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aseme kabla ya kupewa. Panado ni salama zaidi kwa tumbo lakini nayo ina kikomo: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja.

Ngazi ya pili ni homoni, na lengo lake ni kuzuia hedhi au kuipunguza ili tishu zile zikose chakula. Kuna vidonge vya kawaida vya kupanga uzazi, ambavyo unaweza kuvimeza mfululizo bila kupumzika daktari akikubali. Kuna vidonge vya projestini peke yake, kama noretisteroni na dienojesti. Kuna sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, na koili yenye homoni (si ile ya shaba, ambayo huweza kuongeza damu na maumivu). Halafu zipo sindano kali zinazolaza ovari kabisa, kama goserelini. Hizo hufanya mifupa ipungue nguvu, ndiyo sababu kwa kawaida hutolewa kwa miezi michache na pamoja na homoni kidogo ya kulinda mifupa.

Homoni zote zina maudhi yake: madoa ya damu yasiyo na ratiba, kichwa, uzito, hasira za karibu. Ukijaribu moja ikakushinda, rudi ukaseme, usiache kimyakimya. Mimi nilibadilisha mara tatu.

Sijaolewa. Nikitumia dawa za kupanga uzazi si nitaharibu kizazi?

Haziharibu. Ukiacha vidonge, kijiti au koili, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huchelewa, wakati mwingine miezi kadhaa hata karibu mwaka, kwa hiyo kama unapanga mtoto hivi karibuni chagua nyingine. Kinachoweza kuharibu ni endo iliyoachwa miaka ikijenga makovu. Kwa mama mwenye binti wa miaka 16 aliyepewa vidonge hivi: ni dawa ya maumivu yake. Havimpi ruhusa ya jambo jingine lolote.

Laparoskopi ikoje? Naogopa kisu.

Hata mimi niliogopa. Unalazwa usingizi, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili viungo viachane, kisha kamera nyembamba inapitishwa kwenye kitovu na vyombo vingine kwenye matundu madogo ya chini. Daktari huondoa vipande kwa kuvikata au kuvichoma, na hutenganisha vilivyogandana. Mimi niliamka na plasta tatu tumboni na maumivu makali ya bega. Nilidhani wameniangusha kitandani! Kumbe ni gesi iliyobaki inayosumbua chini ya kifua. Iliisha kwa siku mbili. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeketi kwenye cherehani.

Uliza mambo mawili kabla: daktari huyu amefanya upasuaji wa endo mara ngapi, na kama kuna uvimbe kwenye ovari, je, kuuondoa kutapunguza mayai yako? Swali la pili ni muhimu kwa anayetaka watoto, maana kila ovari ikiguswa hupoteza kidogo. Ujue pia kuwa endo huweza kurudi miaka ikipita, na ndiyo maana wengi hupewa homoni baada ya upasuaji.

Nikitoa mfuko wa uzazi wote, si itaisha?

Si lazima. Endo iko nje ya mfuko. Ukiondolewa mfuko na vipande vikaachwa kwenye utumbo, maumivu yanaweza kubaki. Upasuaji huu una nafasi yake, hasa kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa na ambaye pia ana adenomiosi, pale tishu zile zinapoota ndani ya ukuta wa mfuko wenyewe. Hauna kurudi nyuma. Usikubali kusaini ukiwa katikati ya maumivu.

Nitapata mtoto? Na ni kweli nikizaa nitapona?

Wengi wenye endo huzaa, baadhi bila msaada wowote. Lakini inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50 hupata shida ya kushika mimba. Umri una uzito hapa, kwa hiyo usikae miaka ukijaribu kimya. Baada ya mwaka mmoja bila mimba, au miezi sita ukiwa umepita miaka 35, muone daktari pamoja na mume wako. Naye apimwe. Mara ngapi nimeona mwanamke akilaumiwa na mashemeji hadi anarudishwa kwao, na mwanamume hajawahi kukanyaga maabara?

Kuhusu kuzaa kama dawa: mimba husimamisha hedhi, kwa hiyo wengine hupata nafuu kwa muda. Ikirudi hedhi, maumivu mara nyingi hurudi. Inaniuma kusikia msichana wa miaka 19 akishauriwa "azae tu." Mtoto si kidonge.

Mitishamba na chakula je?

Hakuna mti uliothibitishwa kuponya endo, na baadhi ya dawa za kuchemsha huumiza ini na figo. Ukitumia, mwambie daktari, asikutishe. Chakula hakiponyi, ila anayetoka damu nyingi huishiwa damu, na hapo omena, maini, maharagwe na mboga zetu kama osuga na saga zina kazi. Joto husaidia kweli. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa leso, juu ya kinena, ni rafiki yangu wa miaka. Kutembea kidogo pia, siku ambazo mwili unaruhusu.

Mume wangu anadhani namkataa.

Mpeleke kliniki asikie kwa daktari. Kuna wanaume huamini mtu mwenye koti jeupe kuliko mke, na wakishasikia hubadilika. Nyumbani, mwambie ni mkao upi unaumiza na ni siku gani za mwezi, maana maumivu hayalingani siku zote. Na siku ukisema hapana, ni hapana.

Inageuka saratani?

Endo si saratani. Inaongeza kidogo uwezekano wa aina fulani za saratani ya ovari, lakini hatari bado ni ndogo: chini ya wanawake 2 katika kila 100 kwa maisha yote.

Binti yangu yuko bweni. Nifanye nini?

Omba barua ya daktari inayoeleza hali yake na dawa zake, upeleke nakala kwa mwalimu mkuu, matroni na mwalimu wa darasa. Dawa ziwe mahali anapoweza kuzipata usiku bila kuamsha nusu ya shule. Na mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba unamwamini. Mama yangu aliniambia hivyo miaka 11 baadaye na bado nililia kama mtoto.

Ni wakati gani nikimbie hospitali usiku huohuo?

Maumivu ya ghafla yasiyofanana na yako ya siku zote, hasa kama umechelewa hedhi, maana mimba iliyotunga nje ya mfuko huua. Homa pamoja na maumivu ya tumbo. Kuzimia. Damu inayojaza pedi moja kila saa. Kifua kubana na pumzi kukata wakati wa hedhi.

Huku kwetu nianzie wapi, na nikifika niseme nini?

Anza na kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, uombe barua ya rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Wa Kisumu mtapelekwa Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaiita Russia. Wa Nakuru, Kakamega na Eldoret mna hospitali zenu za rufaa. Hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama umepangiwa upasuaji, uliza mapema kama kibali kimetoka, usingoje siku yenyewe.

Kabla ya kwenda, chukua daftari la shilingi ishirini uandike miezi miwili au mitatu. Tarehe hedhi ilipoanza na kuisha. Maumivu kwa namba, kutoka 0 hadi 10. Yako wapi. Dawa uliyomeza na kama ilisaidia. Na andika kile ulichoshindwa kufanya, kwa sababu "naumwa sana" kila mtu husema, lakini "tarehe 4 hadi 7 sikufungua duka, tarehe 5 nilitapika mara tatu, nikienda choo naumwa kama nakatwa" ni vigumu kupita juu yake. Ukiketi mbele ya daktari, sema hivi: "Daktari, maumivu yangu yanafuata hedhi. Nimeyaandika. Naomba tuangalie kama ni endometriosi." Kisha mpe daftari mkononi, afunue mwenyewe.